Gari limerudi na tope: kabla hujawapa watoto ndoo na sponji

Masika yakielekea ukingoni, ukipita mitaani Jumapili jioni utakutana na picha ileile nyumba hadi nyumba. Prado au Land Rover imeingia uani ikiwa imepakwa tope hadi kwenye vioo, namba haisomeki, na nyuma kuna mkungu wa ndizi na gunia la viazi kutoka kwa bibi. Baba amechoka. Mama anawaza sare za shule za kesho. Wenye nguvu ni watoto, ambao wameshavua viatu, wameshachukua ndoo, na wanagombea nani ashike mpira wa maji.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Kuosha gari ni kazi nzuri kwa mtoto, inamfundisha kumaliza alichoanza na inamtoa kwenye simu. Ila mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya, na gari lililotoka kwenye njia za tope huwa naliangalia kwa jicho tofauti na la mwenye gari. Yeye anawaza rangi na kutu. Mimi nawaza maji yametoka wapi, kile kilichomo kwenye chupa ya soda pale kibarazani ni nini, na ile mikanda ya viti iliyojaa mchanga ataikagua nani kabla watoto hawajapelekwa shule kesho asubuhi.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo hatari kubwa ilipo na ndipo wengi hawaangalii.

Maji ya mto hayafai

Gari lililotoka kwenye udongo mwekundu wa Lushoto, au ule mweusi wa mbuga unaonata kama gundi, linahitaji maji mengi. Ndoo tatu hazitoshi hata magurudumu. Kwa hiyo dereva akifika darajani akaona maji yametulia, anashawishika. Anateremsha gari hadi ukingoni, watoto wanashuka, wanakunja suruali na kuingia maji ya magotini, wanamwagia gari maji wakicheka. Anajiambia nyumbani watafika na gari safi, na bili ya maji haitapanda.

Upande wa pili wa Ziwa Victoria, mjini Kisumu nchini Kenya, wapo vijana ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wanaosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, wakiwa na wenzao wa CDC ya Marekani, waliwafuatilia waosha magari hao kwa muda mrefu. Waliwapima kichocho, wakawatibu. Vijana wakarudi majini, wengi wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, miili ilianza kujenga kinga kiasi. Wengine waliendelea kuambukizwa kila waliporudi kazini. Ukitaka kujua kichocho kinampataje mtu, waangalie waosha magari.

Utasema mtoto wako hafanyi kazi ziwani, ameingia mara moja tu. Kimelea cha kichocho hakihitaji miaka, kinahitaji dakika chache. Kinatoka kwenye konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, penye majani pembeni, kikiwa kidogo kiasi kwamba huwezi kukiona. Kikikuta ngozi ya binadamu kinapenya chenyewe, hata kama ngozi haina kidonda. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi mchana, na huo ndio muda ambao familia ikirudi safari huona maji yanavutia.

Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, kinachoharibu ini taratibu. Unguja, Pemba, na mikoa kama Shinyanga na Simiyu kuna kile cha kibofu, kinachomfanya mtoto akojoe damu. Kwa watoto wa kike hiki cha pili kina madhara ambayo wazazi wengi hawajayasikia: mayai ya kimelea yanaweza kukwama kwenye via vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa damu, na miaka ikipita yakaathiri uwezo wa kupata mimba. Msichana mwenye dalili hizo ni rahisi kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akagombezwa na nyumbani kwao badala ya kutibiwa.

Kama watoto wako wameshaingia mtoni wikiendi hii, usikimbilie dawa leo. Dawa ya kichocho, praziquantel, inaua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi vizuri ile michanga. Ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri kupima na kutibiwa baada ya wiki sita hadi nane tangu mtu aingie kwenye maji hayo. Andika tarehe kwenye kalenda ya simu. Kabla ya hapo, mtoto akipata homa, upele unaowasha, kikohozi au kuumwa tumbo, mpeleke kituo cha afya na umwambie daktari bila kuulizwa kwamba aliingia mtoni. Daktari asipoambiwa hawezi kuota.

Hata ukiweka afya pembeni, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Grisi na oili inayotoka chini ya gari lako inakwenda kwa mtu anayechota maji chini yako.

Nyumbani maji ni ya shida? Unaweza kuteka maji ya ziwa ukayaweka kwenye pipa safi, lenye mfuniko na lisilo na konokono, ukayaacha siku mbili. Kimelea kisichopata ngozi ya mtu ndani ya muda huo kinakufa. Anayekwenda kuteka asiwe mtoto, na avae gambuti.

Tope lenyewe limebeba nini

Tope la njia ya kijijini si udongo na maji tu. Ng'ombe wamepita hapo, mbwa wamepita, panya wamepita usiku. Mkojo wao umo ndani.

Wengi mtakumbuka Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walipoanza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Homa, kichwa, uchovu, damu puani. Wizara ya Afya ilipotangaza majibu ya maabara, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wameshafariki. Ulikuwa homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, hasa panya, hukaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Sasa mfikirie mtoto mwenye vidonda vya magoti anayesugua matope kwa mikono mitupu, huku kaka yake amemwelekezea mpira wa maji na matope yanamrukia usoni.

Shida nyingine ya ugonjwa huu ni kwamba unafanana na malaria, na sisi tumezoea kuita kila homa malaria. Kuna utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ambao siachi kuutaja. Wagonjwa 870 walilazwa wakiwa na homa. Madaktari walidhani 528 kati yao wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Na kati ya wale waliopimwa homa ya mgunda, karibu mmoja katika kila 11 alikuwa nayo. Inatibika kwa antibayotiki, hasa ikiwahiwa. Kwa hiyo mtoto au baba akipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuosha gari la tope, na kipimo cha malaria kikasema hana, usirudi nyumbani na panadol. Sema kuhusu tope.

Pepopunda nayo inakaa kwenye udongo. Chini ya gari kuna kingo za bati kali kuliko unavyodhani, na kwenye madigadi huwa kunabaki miiba na waya. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki ya 6, 10 na 14 ana msingi, ila kinga hiyo hupungua miaka inavyokwenda. Kidonda kilichoingia tope kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha kituo cha afya, na kadi ya kliniki mkononi.

Nikisema hayo simaanishi watoto wafungiwe ndani. Wavae viatu vilivyofunika mguu, maana peku ndiyo njia ya minyoo ya safura. Wavae glovu, hata zile za jikoni. Mwenye kidonda kibichi apewe kazi ya kufuta vioo kwa ndani. Hakuna kula mkate wala muwa kazi ikiendelea. Wakimaliza waoge kwa sabuni, na nguo hizo zisichanganywe na nguo za mtoto mchanga.

Kuosha kwenyewe

Hapa nitakwenda haraka kidogo, maana wenye magari mnajua zaidi yangu. Kwanza gari lipoe. Maji ya baridi kwenye diski za breki zilizopata moto yanaweza kuzipindisha, na kioo chenye ufa mdogo kinaweza kupasuka chote. Rejeta usiiguse. Tope likiwa limeziba mapezi yake, injini hupata joto kupita kawaida, na mfuniko ukifunguliwa wakati huo maji yanaruka yakichemka. Yakimpata mtoto aliyesimama karibu na boneti, anaunguzwa usoni.

Tope kavu usilisugue. Lina mchanga, na mchanga unachora rangi. Lilowanishe, subiri, limwagie tena hadi literemke lenyewe. Anzia chini: ndani ya madigadi, kwenye magurudumu, springi na chesisi, ndipo upande juu. Ukianza juu utarudia kazi, maana ukipiga maji chini matope yote yanaruka kwenye bodi. Njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji mtu kulala chini ni kinyunyizio cha bustani. Kisukume chini ya gari, kiache dakika 15, kisogeze mbele, kiache tena. Udongo wa mfinyanzi unalainika na kudondoka vipandevipande. Watoto hupenda kuona hivyo, na wanaweza kutazama wakiwa mbali.

Kwa sabuni, ndoo mbili ni bora kuliko moja. Moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji. Watoto wapewe milango na vioo. Magurudumu, chini ya gari na injini ni kazi ya mtu mzima.

Mashine ya presha mtoto asiishike kabisa, hata kwa picha. Maji yanayotoka pale yanaweza kupenya ngozi. Kinaachwa kitundu kidogo kisichotisha, lakini ndani maji na uchafu vimeshasambaa kwenye nyama na mishipa, na mtu anaweza kupoteza kidole. Kitundu cha namna hiyo ni cha kwenda hospitali saa hiyohiyo, si cha kupaka dawa na kusubiri kesho. Na kama mashine yenu inatumia petroli, isiwashwe ndani ya banda la gari. Moshi wake unaua.

Zile chupa za kibarazani

Ukitaka kuondoa grisi na lami, fundi atakwambia tumia mafuta ya taa au petroli. Ni kweli vinaondoa. Tatizo ni chombo. Nyumba nyingi mafuta ya taa yanakaa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na siku ya kuosha gari chupa hiyo inawekwa chini, jua kali, katikati ya watoto wenye kiu. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Anajua umbo la chupa.

Akinywa, usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala ute wa yai. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na ni mapafu yanayomuua mtoto, si tumbo. Mvue nguo zilizolowa, mfute ngozi, mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Hata akionekana mzima, apelekwe, kwa kuwa kupumua kwa shida kunaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Dawa za kung'arisha rimu ziangaliwe kwa makini zaidi. Nyingine zina tindikali, na zipo zenye tindikali ya floridi, ambayo ikigusa ngozi inaweza isiume papo hapo. Maumivu yanakuja baadaye, wakati imeshapenya na kuanza kunyonya kalsiamu mwilini. Kama dawa imeuzwa kwenye chupa isiyo na lebo, iache dukani. Maji, sabuni ya vyombo na brashi ya zamani vinatosha kwa rimu za tope. Na jiki isichanganywe na dawa yoyote ya aina hiyo. Ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na koo, na mwenye pumu ndiye atakayeanguka wa kwanza.

Ndani ya gari, sehemu isiyopigwa picha

Watu wakimaliza nje, ndani wanapiga manukato na kufunga milango. Mimi ningeanzia ndani.

Vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho wake. Safari ya tope ikiisha, mikanda ya nyuma huwa na mchanga uliokauka kwa sababu watoto wameishika kwa mikono michafu na kuikanyaga. Mchanga huo unakwaruza nyuzi kila mkanda unapojikunja, na ukiingia kwenye kufuli, mkanda unaweza kulia kana kwamba umefunga kumbe haujakamata. Ukiwa umeuvuta wote, ubane kwa kibanio cha nguo usirudi, ufute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ufute tena kwa maji matupu, uache ukauke kabisa kivulini. Usitumie jiki wala petroli, vinadhoofisha nyuzi na huwezi kuona kwa macho. Kisha funga na kufungua kila kufuli mara kadhaa, uvute kwa nguvu. Ukikuta mkanda umechanika pembeni au haurudi wenyewe, kiti hicho kisikaliwe na mtoto hadi fundi aubadilishe. Kiti cha mtoto nacho, kava lake linafuliwa, lakini kamba zake zifutwe tu, zisilowekwe. Kama kitabu chake kipo, kisome.

Ukipeleka gari kwa waosha magari wa mtaani, kazi hii usiwaachie. Mwambie tu kijana, "Mdogo wangu, mikanda niachie, nitaifuta mwenyewe." Na jambo la pili la kumwambia: asipake mafuta ya kung'arisha kwenye usukani, pedali wala viti vya ngozi. Dashibodi sawa, akitaka. Nimepanda gari lililotoka kuoshwa ambalo kila kona watoto walikuwa wanateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na dereva anafuta viganja kwenye suruali. Pedali ya breki inayoteleza haina uzuri wowote.

Kapeti zitolewe zote, pamoja na ile ya chini iliyoshikamana na sakafu kama maji yaliingia. Zikibaki na unyevu zaidi ya siku moja au mbili, ukungu unaota chini ambako huoni. Utausikia kwa harufu, na mtoto mwenye pumu atausikia kwa kifua, kila asubuhi akielekea shule. Vifuta miguu visiletwe bafuni kukaushwa, vikachuruzika pale anapoogea mtoto. Vitundikwe nje.

Gari likiachwa milango wazi likauke, mtu mzima awepo. Watoto hupenda kuingia, kujifungia na kucheza udereva. Gari lililofungwa juani linakuwa tanuri ndani ya dakika chache, na mwili wa mtoto unapanda joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Funguo ziwe mfukoni mwako.

Chini ya gari, na dakika ya kulitoa

Kabla hujawasha injini, inama uangalie bomba la moshi. Gari lililorudi nyuma kwenye ukingo wa tope linaweza kuwa limeziba bomba kwa udongo. Pia jiwe linaweza kuwa limelitoboa katikati, chini ya miguu ya abiria wa nyuma. Moshi usiopata njia ya kutoka unaingia ndani, na ule unaoua, kaboni monoksaidi, hauna harufu wala rangi. Dalili yake ni kwamba wote kwenye gari wanaumwa kichwa, wanasikia kichefuchefu na usingizi kwa wakati mmoja, na wakishuka wanapata nafuu. Familia nyingi zingesema ni uchovu wa safari. Kama mlirudi kutoka kwa bibi mkiwa hivyo, kesho gari liende kwa fundi wa eksozi kabla ya kwenda popote.

Anayetaka kusafisha chini kwa kulala, gari lisiinuliwe kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kubadilishia tairi. Juu ya uwanja uliolowa maji ya kuoshea, jeki inazama au kuteleza, na gari la tani mbili halimpi mtu nafasi ya kutoka. Stendi imara, sakafu ngumu, magurudumu yamewekewa vizuizi. Kama hivyo hamna, malizia kwa kile kinyunyizio.

Breki zinapolowa hazishiki vizuri. Tope laini likiingia kwenye ngoma za nyuma ni vibaya zaidi. Baada ya kuosha, endesha taratibu mahali pasipo na watu ukikanyaga breki kidogokidogo hadi zikauke. Ukisikia mlio wa kusaga, kuna mchanga, na fundi afungue asafishe.

Kulitoa gari uani ndiko kunakonitisha kuliko yote niliyoyaandika. Magari haya ni marefu. Mtoto mdogo aliyechuchumaa nyuma kuokota sponji haonekani kwenye kioo chochote, na tairi la akiba lililofungwa mlango wa nyuma linaziba zaidi. Gari lisisogezwe hata hatua mbili kabla ya kuhesabu watoto. Wote wasimame kibarazani, mtu mzima mmoja awe nao, dereva awaone kwa macho yake ndipo aingize gia. Kwetu nyumbani utaratibu ulikuwa kila mtoto anashika nguzo ya baraza na hauiachii hadi injini izimwe. Tulikuwa tunaona ni mchezo.

Jumatatu jioni, gari likishakauka, zunguka tena mara moja. Angalia maji yaliyobaki kwenye kava la tairi la akiba, kwenye turubai la keria, kwenye ndoo iliyosahaulika nyuma ya banda. Mbu wa dengue, aliyesumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja na siku kadhaa. Mwaga, geuza ndoo, na ile chupa ya mafuta ya taa iliyobaki nusu ipandishe juu ya kabati lenye kufuli, ukiwa umeiandika kwa kalamu ya wino mzito.